Vuli ikinyesha Nyashimo: Matembezi ya maua na somo la sumu

Ukishuka kwenye basi la Mwanza kwenda Musoma pale Nyashimo, huoni ua hata moja. Unaona lami, bodaboda zinazogombea abiria, vibanda vya chipsi, maduka ya saruji na mabati. Ni mji mdogo wa barabarani, makao makuu ya Wilaya ya Busega mkoani Simiyu, na wasafiri wengi huupita wakiwa wamesinzia.

Lakini vuli ikishanyesha wiki mbili tatu, tembea nusu saa tu kutoka barabarani. Nchi iliyokuwa ya kahawia tangu Juni inakuwa kijani, na ndani ya kijani hicho kuna rangi nyingi: njano ya mbigili chini ya miguu, bluu ya majani ya kutambaa pembezoni mwa mashamba, zambarau ya maua yenye umbo la tarumbeta yanayopanda kwenye vichaka, na nyekundu ambayo nitaieleza baadaye kwa sababu inahitaji tahadhari.

Dada yangu anaishi Nyashimo na ana watoto watatu: mmoja yuko darasa la tano, mwingine darasa la pili, na mdogo ana miaka mitano. Kutoka uani kwao wanakiona kilima cha mawe kila siku, lakini hadi Desemba hii walikuwa hawajakanyaga huko. Si kwamba mama yao ni mvivu. Ana hofu, na hofu yake ina msingi: nyoka, miiba, na mimea ambayo yeye mwenyewe haijui. "Mdogo wangu, mimi nimekulia Mwanza mjini," aliniambia. "Mtoto akiniuliza huu mti ni mti gani, nitamjibu nini?"

Swali hilo ndilo lililotutoa nyumbani. Mimi huandika habari za afya, na wazazi wengi huniuliza jambo kama hilo: mtoto abaki ndani alindwe, au atoke nje acheze? Niliamua tutafute mtu anayejua, tutembee naye.

Mzunguko wa kilomita sita

Tulimpata mzee mmoja, jirani wa dada, ambaye alichunga ng'ombe katika eneo hilo tangu alipokuwa na umri wa kitinda mimba wetu. Tuliondoka saa moja asubuhi, kabla ya jua kuwa kali. Watoto walimwamkia, "Shikamoo babu." Akaitikia marahaba, kisha akawasalimia kwa Kisukuma: "Mwangaluka." Watoto wakatazamana. Babu akacheka, akawafundisha kuwa nao wanajibu "mwangaluka", na safari ikaanza kwa neno hilo.

Hakuna kibao wala alama ya njia. Njia ni za ng'ombe: nyembamba, zimekanyagwa miaka mingi, na zinajua pa kupita kwenye mteremko kuliko binadamu. Tulipita mashamba ya mahindi na ya pamba iliyokuwa ndiyo kwanza inachipua, tukaingia kwenye pori dogo la migunga, tukapanda kilima cha mawe, tukashuka upande wa pili kwenye lambo la kunyweshea mifugo, tukarudi mjini kwa njia nyingine. Simu yangu ilihesabu kama kilomita sita. Kwa mtu mzima ni mwendo wa saa moja na nusu. Kwa miguu ya miaka mitano, pamoja na kusimama kila hatua kumi kutazama mdudu, ilikuwa saa tatu na nusu.

Si matembezi magumu. Sehemu pekee ya kutweta ni kilimani, na hapo mdogo alipanda kwa mikono na miguu, akifurahi kuliko sisi wote.

Uzio unaotoa maziwa

Somo la kwanza lilikuja kabla hatujatoka hata mjini vizuri. Nyumba nyingi za Usukumani zimezungushiwa minyaa, ile mimea isiyo na majani ya kueleweka, yenye vijiti vya kijani vinavyofanana na penseli. Mtoto wa darasa la pili alivunja kijiti kimoja, na utomvu mweupe ukaanza kudondoka kama maziwa.

Babu hakumpigia kelele. Alimshika kifundo cha mkono, akamwambia: "Sasa mkono huu si wako mpaka tuunawishe. Usiguse jicho, usiguse mdomo." Tukaunawisha kwa maji ya chupa, tukiwa na kipande cha sabuni.

Mzazi, hili lisikupite. Utomvu wa mnyaa ukiingia jichoni husababisha maumivu makali na unaweza kujeruhi kioo cha jicho. Ikitokea, suuza jicho kwa maji safi mengi yanayotiririka, kwa muda usiopungua dakika 15, kisha mpeleke mtoto kituo cha afya hata kama anasema amepona. Usitie maziwa ya mama, usitie utomvu wa mmea mwingine, wala usitumie dawa ya macho iliyobaki kabatini.

Jambo lililonishangaza ni kwamba mmea huu hauko porini. Uko mlangoni. Watoto hawa walikuwa wakicheza kando yake kila siku, na hakuna aliyekuwa amewaambia.

Maua yanayolindwa na sheria ya mifugo

Baada ya mashamba tulifika kwenye pori la migunga. Nyasi zilitufika magotini na maua yalikuwa mengi ghafla, kana kwamba mtu ameyapanda. Mtoto mkubwa ndiye aliyeuliza: "Mbona kule nje hayapo hivi?"

Babu akamweleza kuwa tumeingia kwenye ngitili. Ni utaratibu wa zamani wa Wasukuma: familia au kijiji hutenga eneo la malisho na kulifunga mvua zinapoanza, mifugo isiingie. Nyasi zinakua, miti inachipua, maua yanachanua na kudondosha mbegu. Kiangazi kikikolea na malisho yakiisha kwingineko, ngitili inafunguliwa ili ng'ombe waokoke. Kwa hiyo maua tuliyoyaona Desemba yapo kwa sababu ng'ombe hawapo. Anayeingiza mifugo kabla ya wakati hutozwa faini kwa mujibu wa makubaliano ya jamii.

Historia yake inafaa kusimuliwa kwa watoto. Wakati wa ukoloni, misitu mikubwa ya Usukumani ilifyekwa ili kupambana na mbung'o. Baadaye mashamba ya pamba na wingi wa mifugo vikamaliza sehemu kubwa ya iliyobaki, na ngitili nyingi zikaachwa. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI, katika Mkoa wa Shinyanga wa wakati huo, ambao ulijumuisha Bariadi, Maswa na Meatu, wilaya ambazo leo ziko Simiyu. Badala ya kuwaletea watu jambo geni, mradi uliwarudisha kwenye ngitili. Ngitili zilizokuwa zimebaki mwaka huo zinakadiriwa kuwa hekta 600 hivi. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimezidi hekta 300,000.

Jambo la adabu: ngitili ina mwenyewe. Usiingie na watoto bila kuomba. Babu alikuwa ameomba ruhusa tangu jana yake, na tulipita kwa mstari mmoja ili tusikanyage nyasi ovyo.

Ua zuri kuliko yote

Katikati ya ngitili ndipo tulipoiona ile nyekundu niliyoitaja. Mmea mwembamba ulikuwa umejishika kwenye kichaka kwa ncha za majani yake, zilizojikunja kama vidole. Ua lake lilikuwa limeinama chini, lakini petali zake sita zimepinda kwenda juu, nyekundu nchani na njano pembeni, zimejikunjakunja kama ndimi za moto. Wataalamu huliita Gloriosa superba, na ndilo ua la taifa la Zimbabwe.

"Babu, naweza kuchuma?" aliuliza mdogo.

"Hilo tazama kwa macho tu, mjukuu wangu. Mikono weka mgongoni."

Wote watatu wakaweka mikono mgongoni, wakasogea, wakatazama. Walikaa hapo muda mrefu kuliko ninavyowaona wakikaa mbele ya katuni.

Sehemu zote za mmea huu zina sumu iitwayo kolchisini, na nyingi zaidi imo kwenye kiazi chake cha chini ya ardhi. Sumu hiyohiyo, ikipimwa kwa usahihi kiwandani, ni dawa ya ugonjwa wa gauti. Lakini kiazi chenyewe kimewahi kuua watu katika nchi mbalimbali, kwa sababu mtu anayechimba bila kujua anaweza kukidhania kiazi cha kuliwa. Mtu aliyekula huanza kwa kutapika na kuharisha sana baada ya saa chache, hivyo ni rahisi kudhani ni chakula kilichochacha. Ukiwa na shaka kwamba mtoto amekula mmea asioujua, mwahishe hospitali na ubebe kipande cha mmea huo kwenye mfuko. Kipande hicho kinaweza kumsaidia daktari kuliko maelezo yako yote.

Hatua chache mbele kulikuwa na ua jingine la mvua za kwanza: mpira mwekundu wa vijiti vyembamba vingi, umesimama peke yake juu ya bua moja, kama umechomekwa ardhini. Nalo lina sumu kwenye tunguu lake. Watoto hawakuuliza tena. Mikono ilikwenda mgongoni yenyewe.

Mbuyu na maua ya usiku

Chini ya kilima kuna mbuyu, ambao Wasukuma huuita ng'wandu. Chini yake kulikuwa na maua makubwa meupe yaliyodondoka, mengine yameanza kuwa ya kahawia, yakiwa na harufu nzito isiyopendeza. Hapa babu aliruhusu kuokota.

Ua la mbuyu hufunguka jioni jua linapozama, na kufikia siku inayofuata huwa limenyauka. Kwa saa hizo chache za usiku, popo wala matunda hulitembelea kunywa maji yake matamu na kubeba chavua kutoka mbuyu mmoja hadi mwingine. Mtoto wa darasa la tano, ambaye hununua ubuyu wa rangi kwenye vijaluba kila siku, hakuwa anajua kwamba ubuyu huo huanzia kwenye ua, na kwamba ua hilo linamtegemea popo. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Kumbe popo ana kazi."

Unga halisi wa ubuyu una vitamini C kwa wingi. Sukari na rangi ni nyongeza ya mtengenezaji.

Juu ya kilima tulikaa kwenye jiwe, tukala mihogo ya kuchemsha, tukaiona Ghuba ya Speke ya Ziwa Victoria ikimetameta magharibi. Mdogo aliitafuta nyumba yao kati ya mapaa ya bati hadi akaipata. Aliiita kwa jina la mama yake, kana kwamba atasikia.

Wataalamu wanasemaje

Shirika la Afya Duniani linapendekeza watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za mazoezi ya mwili kila siku, yale ya kuongeza mapigo ya moyo. Kwa watoto wa miaka 3 na 4, inapendekezwa dakika 180 za kujishughulisha kwa siku, na muda wa kukaa mbele ya skrini usizidi saa moja.

Kuna faida nyingine ambayo wazazi wachache huijua: macho. Katika mji wa Guangzhou nchini China, watafiti waliwafuatilia watoto wa darasa la kwanza katika shule 12. Nusu ya shule ziliongezewa dakika 40 za kukaa nje kila siku ya masomo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionesha kuwa baada ya miaka mitatu, waliopata tatizo la kutoona mbali katika shule hizo walikuwa asilimia 30.4, ikilinganishwa na asilimia 39.5 katika shule nyingine. Hawakupewa dawa wala miwani ya pekee. Walitolewa nje tu.

Kwa mzazi anayesoma haya kwenye simu huku mtoto naye akiwa na simu nyingine, hiyo ni habari njema isiyo na gharama.

Ukitaka kwenda, zingatia haya

*Viatu.* Vaeni raba au buti na suruali ndefu. Yeboyebo na ndala hazifai: mbigili ina ua zuri la njano, lakini tunda lake ni mwiba unaopenya soli laini.

*Nyoka.* Msimu wa mvua nao hutoka. Mtu mzima atangulie na fimbo, na mtoto asitie mkono kwenye shimo wala chini ya jiwe. Mtu akiumwa, mtulizeni, sehemu iliyoumwa isitikiswe, avuliwe pete au viatu vinavyobana, awahishwe hospitali. Msichanje, msinyonye, msifunge kamba ya kubana, na msipoteze muda na jiwe jeusi.

*Maji.* Msiogelee wala kukanyaga maji ya lambo au ya ufukweni. Kanda ya Ziwa ina kichocho kingi, na vimelea vyake hupenya kwenye ngozi bila mtu kuhisi. Ziwani pia kuna mamba na viboko.

*Wanyama.* Upande wa Lamadi, kuelekea lango la Ndabaka la Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, tembo hutoka hifadhini na kuingia mashambani. Huko msitembee wenyewe. Ulizeni wenyeji au ofisi ya kijiji kwanza.

*Muda.* Ondokeni saa moja asubuhi, mrudi kabla ya saa sita mchana. Mkiona wingu zito, shukeni kilimani na mjitenge na miti mirefu iliyosimama peke yake. Radi si ya kujaribiwa.

*Mikono.* Hakuna kutia kitu mdomoni. Sabuni na maji kabla ya kula.

Anayeishi Mwanza na anaogopa kuanza na porini anaweza kuanza na Kisiwa cha Saanane, hifadhi ndogo ya taifa iliyo ziwani pale mjini, yenye mawe na njia za kutembea. Mwenye uwezo wa kusafiri mbali, Kitulo katika Nyanda za Juu Kusini, hifadhi ya taifa tangu 2005, huchanua kati ya Desemba na Aprili hadi watu wakaiita Bustani ya Mungu. Lakini wazazi wengi hawatafika Kitulo mwaka huu. Ngitili iko nyuma ya mji.

Hofu ya mama ilikuwa ya haki

Jioni watoto walimwonesha dada yangu mimea mitatu: mmoja wa kutoguswa uani kwake mwenyewe, na miwili ambayo waliichora kwa penseli za rangi. Walimweleza kwa nini. Mdogo alionesha kwa vitendo jinsi ya kuweka mikono mgongoni.

Nadhani hofu ya dada ilikuwa ya haki kabisa. Sumu ipo, nyoka wapo, maji yana kichocho. Ila uzio haumlindi mtoto dhidi ya uzio wenyewe, na mtoto wa Nyashimo akifika miaka kumi atakwenda kilimani tu, na wenzake, bila kuaga. Siku hiyo kitakachomlinda ni kile anachokijua. Na wanaokijua wengi ni wazee ambao leo wamekaa kwenye viti barazani, na hakuna anayewauliza.

Kwa hiyo, mzazi, kabla ya vuli kwisha mtafute mmoja wao. Mwombe awaoneshe watoto wako mimea mitatu tu iliyo karibu na nyumbani: mmoja wa kula, mmoja wa dawa, mmoja wa kutogusa. Gharama yetu ilikuwa maji, mihogo na soda moja ya babu.

Mkishazoea, rudini tena Februari. Ile pamba iliyokuwa inachipua itakuwa imechanua: ua lake hufunguka likiwa jeupe la maziwa, na kesho yake hugeuka kuwa la waridi. Watoto wengi wa Simiyu wamelipiwa ada na ua hilo, na wengi wao hawajawahi kusimama kulitazama.